Eda Ndani ya Kosta

Bi Faiza hakulitaka gari. Hilo lisemwe mwanzo, maana watu wa Mkunazini, mtaa wao wa zamani, ambao hawana dogo, walieneza kwamba yeye ndiye aliyemtia mumewe wazimu wa kuuza nyumba. Wazimu ulikuwa wa Ubwa mwenyewe. Alikuwa dereva maisha yake yote. Alipostaafu akaitazama ile nyumba ya ghorofa, chokaa inadondokea kwenye masufuria, watoto wako Maskati hawana habari ya kurudi, akasema, "Mie nshachoka na ngazi, Faiza. Tuuze." Akanunua Kosta kuukuu, akang'oa viti, akamwita fundi atie kitanda, jiko la gesi na tangi la maji.

Bi Faiza alinuna wee, mpaka akachoka kununa. Kufagia kulikuwa kunakwisha kabla chai haijachemka. Leo wako Mbweni, kesho Fumba, na jirani asiyewapendeza wanamwacha palepale alipo. Kwenye barabara mpya za Fumba Ubwa alimfundisha kuendesha. Kwenda mbele na kufunga breki akajua. Kurudi nyuma kulimtia hofu, na Ubwa akasema hilo litakuja tu.

Aliyekataa kuzoea ni wifi yake, Bi Kidawa, dada yake Ubwa, anayekaa kwenye maghorofa ya Michenzani. Nyumba iliyouzwa ndimo alimozaliwa. Fungu lake alipewa, hakudhulumiwa, lakini roho haikutulia. "Iddi nikaamkie wapi mie?" alikuwa akisema. "Niwatafute barabarani?" Na kila alipowatembelea alipanda garini na viatu vyake, akaukanyaga mkeka kwa mchanga wote wa njiani. Kidawa huyuhuyu, ambaye kwa watu wengine hata kibandani viatu huviacha nje! Bi Faiza aliona, akafagia mgeni akishaondoka.

Ubwa akafa Kizimkazi, alfajiri, kitandani mwake, gari likiwa uani kwa rafiki yake Kificho. Mlango ulikuwa mwembamba, kwa hiyo maiti ikatolewa kwa mlango wa nyuma. Bi Kidawa alipoona vile alipiga ukelele. "Ndugu yangu anatolewa kama gunia!"

Baada ya mazishi akamwambia Bi Faiza ajikusanye, eda akakae Michenzani. Bi Faiza akasema hatoki. Wakabishana mpaka akaitwa shehe, naye akasimama nje akauliza jambo moja tu.

"Ulikuwa ukilala wapi na marehemu?"

"Humu, shehe."

"Basi kaa humu. Ila lisiondoke."

Ili lisiondoke, Bi Kidawa akachomoa ufunguo akautia mkobani. "Eda ikisha nnakuja kukuchukua," alisema. "Nshapata mtu wa kulinunua. Kwangu kuna chumba."

Lahaula! Chumba chenyewe Bi Faiza alikuwa anakijua. Kiko nyuma ya jiko, na kila atakayepita ataulizwa anakwenda wapi. Akakaa eda yake ndani ya Kosta, mjane kizuka nyuma ya mapazia, na magurudumu yakapungua upepo taratibu. Kiti cha dereva hakukigusa. Alimlilia Ubwa, na siku nyingine alimkasirikia, maana alikuwa amekufa akaliacha gari pua imeelekea ukutani.

Eda ilipokwisha alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya. Kificho alikuwa ameshajaza magurudumu upepo. Bi Kidawa akaja na dereva wa kukodi, Mansour.

"Haya wifi, twende," alisema.

Bi Faiza akanyoosha mkono. "Ufunguo wangu."

"Wa nini? Mnunuzi anatungoja mjini."

"Nyumba yangu siiuzi, wifi. Nshauza moja, yatosha. Ufunguo."

Bi Kidawa akautoa mkobani. Bi Faiza akampa Mansour. "Mwanangu, nitolee nyuma tu, mpaka barabarani. Kisha unipishe hicho kiti, ukae hapo pembeni uniangalie."

Mansour alitazama huku na huku, akaona bora atii. Kosta likakohoa, likarudi nyuma, likageuzwa pua barabarani. Bi Kidawa alilifuata kwa miguu, akasimama chini ya mlango, machozi yanamtoka waziwazi.

"Na mie Iddi nikaamkie wapi?"

"Nitakuja mie," alisema Bi Faiza, ameshakaa kwenye kiti cha Ubwa. "Nitapiga honi chini ya nyumba yako, ushuke. Na leo nakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni, kama huogopi."

Bi Kidawa akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Akainama, akavua viatu, akavishika mkononi, akapanda.