Diski Iligusa Nyasi

Jumapili nikitoka kanisani hubadilisha viatu na kwenda uwanja wa shule ya msingi ulio nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Kitengela. Narusha diski, halafu naikimbilia mwenyewe. Upepo wa huku hauna adabu, kwa hivyo mara nyingi inaishia kwenye ua wa michongoma, nami naingiza mkono humo nikinung'unika. Mama mmoja aliyekuwa akipita aliwahi kuniuliza, "Kwani huna mtu wa kukurudishia?" Nikamwambia ninafanya mazoezi tu. Akasema pole, akaenda zake, nami nikamchukia hadi jioni.

Zamani nilikuwa naye. Tulikutana chuoni, mwaka wa kwanza. Mimi mtoto wa mwalimu aliyehamia huku kutoka magharibi, nimekulia nyumba za kupanga. Yeye msichana wa Mashuuru, wa familia ya wafugaji, mrefu, mkimya, mwenye mkono uliokomaa kwa kuwatupia mawe mbuzi waliokaidi. Alinifundisha kuitikia salamu ya Kimaasai ya mama yake. Akisema "takwenya", nami naitikia "iko", basi tunacheka, kwa sababu nilivyoitamka mimi ilikuwa aibu kwa ukoo mzima.

Diski, kwa asiyeijua, ni sahani ya plastiki. Wachezaji saba wa kila timu wanarushiana, na ukiidaka ndani ya eneo la mwisho ni pointi. Ikigusa chini inakuwa ya wapinzani. Na hakuna refa. Aliyeidaka ndiye anayesema kama ameidaka au imegusa, na neno lake linakubaliwa. Watu wakisikia hivyo hucheka. Mchezo usio na refa, Kenya hii?

Yeye alirusha, mimi nilikimbia. Hatukuwa na siri nyingine. Nikishapaza sauti "Nimeshika!" yeye huwa ameshageuka, anatembea kurudi kwenye mstari. Hakuwahi kungoja kuona. Wenzetu wa timu walimtania kwamba siku moja nitamtia aibu, naye akawajibu, "Huyu akisema ameshika, ameshika. Mimi naangalia nini?" Nilikuwa na miaka ishirini, na sidhani kuna mtu amewahi kunisifu zaidi ya hapo.

Tulichukua kombe la vyuo mara mbili. Tulipomaliza masomo, klabu moja ya Kitengela ikamtaka yeye. Mimi hawakunitaja. Aliwaambia tunakuja wawili au haji mtu, na wakatuchukua wawili. Kwa hiyo kila nilichopata klabuni nilikipata mgongoni mwake, na nilikuwa najua hivyo.

Labda ndiyo sababu. Sijui. Nimejitafutia sababu nyingi.

Fainali ya vilabu tulikuwa sare, pointi moja imebaki. Alirusha chini sana, kukwepa upepo. Nilijitupa ndani ya eneo la mwisho. Diski iligusa nyasi, ikaruka kidogo tu, ikaingia kwenye vidole vyangu. Niliisikia ikigusa kabla ya kuishika. Msichana aliyekuwa akinikaba alikuwa ameanguka, kanipa mgongo. Alijiinua, akapangusa vumbi usoni, akaniuliza kwa upole, "Umeshika?"

Nikasema nimeshika.

Basi tukawa mabingwa. Baada ya mechi timu zote mbili hukaa duara moja, mikono mabegani, mtu wa timu hii katikati ya wawili wa timu ile, na kila upande unausifu mwingine. Wapinzani wetu walikuwa na kofia ya kumpa mchezaji mmoja aliyecheza kwa uaminifu. Walinipa mimi. Nilimtafuta mwenzangu kwa macho, ng'ambo ya duara. Alikuwa ananitazama, hacheki, na nikajua ameona.

Tangu siku hiyo nikaanza kumkwepa. Nilichelewa mazoezini ili nisipashe misuli naye. Akinipigia simu nilisema niko kazini, kwenye duka la dawa, hata siku ambazo nilikuwa nimekaa kitandani natazama ukuta. Tuliendelea kushinda, na picha zetu zipo tumekumbatiana, lakini hatukuwa tunaongea. Nilikuwa nangoja aniambie. Hakuniambia, nami nikamkasirikia kwa hilo pia. Kisha akapata kazi ya mifugo Kajiado, akahama, na upweke ulionishika sikuwa nimeujua hata nilipofiwa na baba. Timu ilinipa mrushaji mwingine, mzuri tu. Nilicheza naye msimu mmoja, nikaacha.

Mwezi uliopita nilienda Kajiado. Sikumwambia ninakuja kwa ajili gani. Nilimkuta mbele ya nyumba yake na gambuti miguuni, anamwaga maji ya kuoshea chupa za chanjo. Alinitazama, akasema, "Takwenya." Nikaitikia vibaya, na akacheka kicheko kile kile. Karibu nilie hapo hapo.

Ndani, juu ya televisheni, ukutani, alikuwa ametundika medali ya fainali ile, karibu na picha ya harusi ya wazazi wake. Aliniwekea chai. Nilikunywa nusu kikombe, kisha nikasema yote bila kupumua: kwamba iligusa, kwamba nilijua, na kwamba najua aliona.

"Niliona nini?" akauliza.

"Iligusa. Pale mwisho. Wewe ulikuwa unaniangalia kwa duara."

"Sikuona kitu. Nilikuwa nimeshageuka. Si unajua mimi huwa siangalii?"

"Na kwa duara je?"

"Nilikuwa nangoja uninyooshee mkono tukuje katikati pamoja, vile tulikuwa tunafanya mmoja akipewa kitu. Ukaangalia chini." Akazungusha kikombe chake. "Nikafikiria umepata kofia, sasa hunihitaji. Niliumia, sitakudanganya. Hiyo ndiyo ilifanya nitafute kazi ya huku."

Kisha akainua macho, akaitazama medali ile ukutani kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo hatukushinda," akasema.

Hakuitoa. Alisimama akasema twende nje, na kutoka nyuma ya mlango akachukua diski ya zamani iliyopauka. Nyuma ya nyumba kuna uwanda mweupe wa vumbi la chokaa, na mbuzi walitupisha shingo upande. Tulirushiana. Mkono wake ulikuwa bado ule ule, na miguu yangu ilijua pa kwenda kabla yangu. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa na furaha kabisa. Nilifikiri, hii imekwisha, nimerudi nyumbani.

Kisha akarusha moja ya chini, iliyokwepa upepo. Nilijitupa, nikaiwahi, vidole vikiwa chini yake kabisa, kati yake na udongo.

"Nimeshika!" nikapaza sauti.

Niliinuka nikitarajia kuona mgongo wake. Alikuwa amesimama pale pale, ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua, ananitazama.

"Imegusa?" akauliza.