Mizani Haipimi Usingizi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ghala bado limefungwa. Mama mmoja anauzunguka ukuta wake kwa hatua za haraka, gauni la kazi limelowa jasho mgongoni. Kila akimaliza mzunguko, anahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia hadi wa kushoto. Zimebaki tatu.

Ana miaka hamsini na miwili. Mara ya mwisho kujipima alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane. Ndiye karani wa mizani hapa, na wapagazi humwita Mama Mizani. Gunia likishushwa, yeye husoma uzito na kuandika. Miaka kumi na tisa kazi yake ni kukaa.

"Nilizoea kuamini kitu kimoja tu," anasema akihema. "Mizani ikisema, maneno yamekwisha."

Miaka mitatu iliyopita alifiwa na mumewe. Mwili, ambao tayari ulikuwa mzito, ukazidi. Akala bila njaa, akalala bila usingizi. Lilipita juma zima hajachana nywele. Bintiye, anayeishi naye katika vyumba viwili, akaanza kuficha vidonge vyote vya mle ndani.

"Mama alikuwa akiongea nami kama mtu anayeaga," anasema binti.

Ndiye aliyemkokota hadi kliniki. Muuguzi aliwataka warudi kila mwezi kuzungumza, na mama atembee nusu saa kwa siku, mwendo wa jasho: kuongea aweze, kuimba ashindwe.

Akatembea. Na kila Jumamosi, mzigo ukiisha, akapanda mizani ya magunia. Mpagazi mmoja alisema siku hizi magunia yanajipima yenyewe. Mama akacheka pamoja na wapagazi, kumbe maneno yamemchoma.

Wiki ya nane, mizani ilisoma nusu kilo zaidi ya siku ya kwanza. Mtu wa mizani akaamini mizani. Akazimwaga kokoto, akaacha.

Mwezi haukuisha, giza likarudi. Asubuhi moja hakwenda kazini. Aliugeukia ukuta mpaka adhuhuri, chai ikapoa kando yake. Wakati huo binti alikuwa amepata kazi mji mwingine, lakini begi lake lilibaki tupu chini ya kitanda. Amwachie nani mama yake?

Binti akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama.

"Mama, ile miezi miwili ulikuwa unalala. Ulikoroma mpaka nikakusonya. Ulipika huku unaimba. Hayo uliyapima wapi?"

Kesho yake mama akaokota kokoto nyingine.

Hii ni wiki ya sita. Magoti yanamuuma, na siku nyingine machozi humtoka mzunguko wa pili tu, naye huyafuta kwa mkono uleule wenye kokoto. Kliniki bado anakwenda. Mizani ya magunia hajaipanda tena. Huwauliza wapagazi kama wamelala vizuri, nao wanamwona amechanganyikiwa.

Kazi ya binti inamsubiri hadi mwisho wa mwezi.

"Nataka aende," anasema mama, akiihamisha kokoto ya mwisho. "Nimemwambia anipigie simu kila asubuhi, saa hii hii. Sitamwambia nimepona, atajua ni uongo. Anisikie nahema tu. Akinisikia nahema, ajue nipo."