Wimbo Mmoja Mzima Ndani ya Paris

Paris ya kwetu Nyamongo ilikuwa ukumbi wa muziki wa matofali ya kuchoma mpaka kiunoni, na kuanzia hapo kwenda juu ilikuwa mabati. Aliijenga mchimbaji mmoja ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilitema dhahabu, akawa hajui afanye nini na furaha yake. Wenzake walinunua ng'ombe wakaoa. Yeye alinunua jenereta, spika mbili ndefu kuliko mimi na taa ya kuzunguka. Akaandika PARIS juu ya mlango kwa rangi nyekundu, kisha akamleta Mkongo wa kupiga muziki.

Yule Mkongo alisema amewahi kufanya kazi kwenye klabu za Ufaransa. Tulimwamini wote, kwa sababu alivaa soksi nyeupe Nyamongo na zilibaki nyeupe. Ndiye aliyeleta utaratibu wa Kifaransa. Huko, alisema, mtu hafiki tu akaingia. Anavua koti mlangoni, mama mmoja analipokea na kumpa namba. Sisi koti lilikuwa la kanisani tu. Kwa hiyo mama wa mlangoni alipokea mabuti ya mpira yenye tope, nyundo, tochi za kichwani, na siku moja mbuzi, ambaye alifungiwa namba yake shingoni kama mteja yeyote.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu yetu wanafunzi. Soda, muziki, hakuna pombe mpaka jioni. Saa nane, jua linachoma mabati, Mkongo anashika maiki na kutuambia, "Bonsua, Paris!" yaani jioni njema. Nasi tunaitikia bonsua huku jasho likitutoka. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali, jibu nalijua lakini sauti inakataa kutoka. Lakini ile bonsua niliisema kwa nguvu kuliko wote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua ni mimi.

Shida ilikuwa moja tu. Kwetu Wakurya baba na binti yake hawachezi muziki mahali pamoja. Hakuna polisi atakayekukamata, ni aibu tu, lakini ni aibu ya kukufanya utamani kushuka kwenye duara ukajifukie. Mkongo alishangaa. Akatuambia kuwa Ufaransa baba anacheza na binti yake kwenye harusi na watu wanawapigia makofi. Tuliwahurumia Wafaransa.

Mama wa mlangoni ndiye aliyepata dawa. Wazee walikuwa wanaanza kufika kabla ya jioni, wakijifanya wamepita tu. Akimwona mzee anakuja, anachukua mojawapo ya nyundo za wateja na kupiga bati: ngwa! Hapo mwenye mzazi wake anatoka kwa mlango wa nyuma. Lakini yule mama alikuwa mgeni, hajui nani baba wa nani, na sisi ndani hatuoni nje. Kwa hiyo bati likilia, ukumbi mzima unakimbia. Wasichana, wavulana, soda mkononi, kiatu kimoja kimebaki. Tunajazana nyuma kwenye migomba tukicheka mpaka mbavu zinauma. Halafu mtu anachungulia: kumbe ni mzee wa watu amekuja kuulizia betri. Tunarudi. Ngwa! Tunatoka tena.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mvulana kutoka Mbalibali, aliyekuja likizo kumsaidia mjomba wake dukani. Baba yake alikuwa huko kwao na ng'ombe zake, kwa hiyo hapa hakuwa na wa kumwonea aibu. Bati likilia anabaki peke yake chini ya ile taa, mikono mfukoni, kama mtu aliyeachiwa mizigo ya watu stendi. Likizo nzima nilikuwa nikianza wimbo karibu naye, wimbo haujafika katikati, ngwa!

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa ya mwisho. Jumatatu shule zinafunguliwa na yeye anarudi Mbalibali. Nilitaka kitu kimoja tu: kucheza naye wimbo mmoja mzima, mwanzo mpaka mwisho. Sikuomba hata kuongea.

Binti wa shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka upande wa Kenya, alinicheka tangu nyumbani.

"Wewe ukimwangalia ni viatu tu. Atadhani unataka kuvinunua."

"Niache."

"Si umwambie tu? 'Sema, twende tukasakate.' Rahisi hivyo!"

"Kwenu labda."

Tulipofika alinisukuma mgongoni, nikajikuta mbele ya yule mvulana. Akatabasamu. Nikaangalia viatu vyake. Tukaanza. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshaelewana na ngoma, wa kulia ulikuwa unafikiria, ngwa! Nikakimbia wa kwanza, binti wa shangazi nyuma yangu. Nikapita migomba, nikazunguka pipa la maji ili nijifiche nyuma yake.

Nyuma ya pipa alikuwa amechuchumaa baba yangu, na koti lake la kanisani.

Baadaye nilielewa. Alipofika mlangoni na bati likalia, alijua ndani kuna watoto. Akadhani tutatokea mlango wa mbele tukutane naye uso kwa uso. Akakimbilia nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliangalia migomba. Mimi niliangalia pipa. "Natafuta ndama," akasema.

"Ndama?"

"Mwekundu."

"Baba, hatuna ndama mwekundu."

"Ndiyo maana simwoni."

Binti wa shangazi alijibana pua asicheke, ikashindikana. "Shikamoo, mjomba. Hata sisi tulikuwa tunamsaka huyo ndama."

Baba akakohoa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Ndani, Mkongo akaanzisha wimbo mpya. Gitaa likapanda, wenzetu wakaanza kurudi ndani wakisukumana. Nilijua jua likishuka kidogo zamu yetu imekwisha. Nikafungua mdomo, nikashangaa sauti imetoka.

"Baba, kuna wimbo."

"Nausikia. Ni mrefu?"

"Ni wa Kikongo."

"Basi ni mrefu." Akasimama, akapangusa magoti. "Nendeni. Mimi nitakuwa mbele. Ukiisha mtatoka kwa huku, mimi nitaingia kwa kule. Na hapa hatukuonana."

"Hatukuonana, baba."

"Hata mama yako, ajue hatukuonana."

Niliingia mbio. Yule mvulana alikuwa palepale chini ya taa. Nikasimama mbele yake na kuanza kucheza kabla hajatabasamu, maana nikisubiri nitaogopa. Mungu wangu, nilicheza! Mikono ilijua pa kwenda. Nilikanyagwa, nikakanyaga, nikazunguka, kitambaa cha kichwani kikaanguka nikakiacha hapo. Gitaa likipanda nilingoja bati lilie. Halikulia.

Kupitia mabati nilisikia kwa nini. Wazee wawili walikuwa wamefika, na baba alikuwa amewasimamisha njiani, kabla mama wa mlangoni hajawaona, akiwauliza kuhusu ndama mwekundu. Mzee wa Kikurya hawezi kupita habari ya ng'ombe aliyepotea.

"Ana alama sikioni?"

"La kulia," baba alijibu bila kusita.

"Kulia kwako au kwake?"

"Tuanze kwanza na pembe," akasema baba.

"Ndama ana pembe?"

"Zilikuwa ndiyo zinaanza."

Nikacheka huku nacheza, na yule mvulana, bila kujua ninacheka nini, naye akacheka. Ule wimbo ulikuwa na mwisho wa uongo, unaonyamaza halafu unarudi kwa kasi zaidi, na uliporudi ukumbi mzima ulipiga kelele nami nikiwemo. Kisha ukaisha kweli. Tukabaki tunahema. Nilikuwa nimeucheza wote, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nautazama uso wake. Ana mwanya.

"Unacheza kama mtu mwenye haraka," akasema.

"Nilikuwa na haraka," nikamjibu, kwa sauti iliyomfanya hata Mkongo ageuke.