Chingamu kwenye Antena

Pale uani kwa mafundi hakuna aliyekuwa mwepesi wa kinyaa kama Mama Viti. Alikuwa akishona viti vya magari, kazi inayomkutanisha mtu na kila kitu ambacho binadamu hukidondosha akiwa amekaa: kucha zilizokatwa, meno ya kitana, peremende iliyonyonywa nusu ikaganda kwenye sponji. Hagusi kiti cha mteja bila glavu na kitambaa puani, na hata hivyo kuna siku alikwenda nyuma ya ukuta, akatapika, akasukutua, akarudi kwenye cherehani. Wenzake walimtania kwamba angeweza, angeifua hewa kwanza ndipo aivute.

Gari lake mwenyewe sasa, hilo usiseme. Lilikuwa la marehemu mumewe, gari la kizamani la kijani kilichopauka, usukani mpana kama sinia. Mume alilinunua likiwa mkweche usiosogea, akalifufua kipande kwa kipande, na viti akavishona mke. Alichokipenda mume kuliko vyote ni antena. Ukiwasha redio inachomoza yenyewe kutoka kwenye madigadi ya nyuma, inanguruma polepole mpaka isimame wima; ukizima inazama ndani. "Subiri bibi aamke," marehemu alikuwa akisema, na gari haliondoki mpaka bibi awe ameamka. Tangu afariki, Mama Viti alikula chakula chake cha mchana humo, kitaulo mapajani, akisikiliza taarifa ya habari. Mwingine yeyote kula humo ilikuwa marufuku.

Ndiyo maana alisita shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja kuliazima.

"Harusi ya binti wa bosi wangu," shemeji alisema. "Bibi harusi akishuka kwenye gari la kaka, hata kaka huko aliko atafurahi."

Kumtaja marehemu ndiko kulikomlegeza. Akatoa ufunguo. Gari likarudi Jumapili limeoshwa, linang'aa, na shemeji akashukuru mpaka akapitiliza.

Jumatatu mchana Mama Viti aliketi, akatandika kitaulo, akawasha redio. Mota ya antena ikanguruma, ikakwaruza, lakini redio ikatoa mchakacho mtupu kama mafuta yanayokaanga. Akashuka, akazunguka nyuma. Antena ilikuwa imesimama, ila upande upande. Akaigusa kwa vidole viwili.

Ikatoka yote, ikabaki mkononi mwake. Nyuma yake ukavutika uzi mrefu wa waridi, laini, unaonata. Ilikuwa chingamu. Ilikuwa imetafunwa vizuri ikabandikwa pale ilipovunjika, na alama za meno zilionekana wazi. Sisimizi walikuwa wameshaanza kazi.

Siku hiyo hakuvaa glavu. Alisimama amenyoosha mkono mbali na mwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, mpaka fundi wa redio aliyekuwa jirani yake pale uani, waliyemwita Mawimbi, akaja kumbandua kwa petroli.

"Haya si mate yangu," Mama Viti alisema, ananawa kwa mara ya tatu. "Ni mate ya mtu mzima mwenye ndevu."

Mawimbi hakuwa mtu wa kinyaa hata kidogo. Aliinusa ile antena, akachungulia tundu lake. "Imegonga kitu ikiwa juu. Geti fupi, au tawi. Ndani kuna uzi wa nailoni wenye meno, ndio unaoipandisha. Umekatika, mota inazunguka bure. Nitatafuta nyingine, Jumatano tufungue."

Jumatano ilikuwa siku ya Mama Viti ya kwenda kununua vitambaa. Akaahirisha.

Siku hiyo walipofungua buti, harufu iliwapokea kabla ya kitu chochote. Jana yake Mama Viti aliisikia akadhani ni mtaro. Mawimbi akafungua bodi ya pembeni, pale mota inapokaa ndani ya madigadi, akaingiza koleo, akavuta. Ikaja soksi. Soksi ya kiume, nyeusi, iliyolowa maji ya mvua yaliyopita kwenye tundu la antena, imekunjwa ikasokomezwa kuziba. Chini yake, kwenye kishimo cha madigadi, kulikuwa na mfuko wa plastiki wa mifupa ya kuku na wali wa harusi, umepasuka. Wali ulikuwa unatembea.

"Funza," Mawimbi akasema, kama anayemtambulisha mgeni.

Mama Viti akakimbilia nyuma ya ukuta. Aliporudi, Mawimbi alikuwa anakula mkate kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anachota ule uchafu kwa kopo.

"Unakula?"

"Saa ya kula imefika, mama. Wao wanakula chao, mimi nakula changu."

Alimtazama akitafuna, akajikuta anamchukia kwa muda, ingawa hakuwa na kosa. Akavaa glavu mbili mbili, akafunga kitambaa puani, akachukua brashi na ndoo ya maji ya sabuni. Hakutaka mtu mwingine asugue gari la mumewe. Alisugua huku machozi yanamtoka, asijue ni ya uvundo au ya hasira.

Ndipo liliposimama gari jeupe getini. Akashuka shemeji, na nyuma yake mzee nadhifu mwenye suti. Shemeji alikuwa anaongea bila kutazama mbele.

"Kama nilivyokuambia bosi, kaka aliniachia mimi. Huyo mjane nimemwachia alitumietumie tu, leo hayupo, kaenda sokoni. Redio inafanya kazi, antena inapanda yenyewe, utaona…"

Hapo akaiona ndoo, akauona mgongo wa Mama Viti ukitoka ndani ya buti. Taya zake, zilizokuwa zikitafuna muda wote, zikasimama.

Mama Viti alivua kitambaa puani. Hakupandisha sauti.

"Karibu, mzee. Mimi ndiye huyo mjane. Gari ni langu, kadi ina jina langu, na haliuzwi. Ila kama ulitaka kulikagua, sogea ukague."

Bosi akasogea kwa adabu, akachungulia, akaona wali. Akatoa leso haraka.

"Hiki ni chakula cha harusi ya binti yangu," alisema ndani ya leso.

"Ndicho. Na soksi ni ya huyu. Na chingamu ile pale kwenye kopo la petroli ni yake. Mzee, alivunja antena siku ya harusi, akaigundisha kwa mate ili akuuzie."

"Shemeji, si hivyo," shemeji akaanza kujikosha. "Geti la ukumbi lilikuwa fupi. Nilitaka kuitengeneza kimyakimya nisikuumize, ule mfuko wa chakula nikausahau humo nikiziba tundu. Na hili la kuuza, nilitaka nikuletee hela yote, uwe na cha kuanzia…"

Alisema hivyo kwa macho makavu kabisa, na chingamu bado iko shavuni. Kwa Mama Viti hilo ndilo lililozidi vyote. Funza angalau hawakujifanya wanamhurumia.

"Na leo ungelifunguaje?" akamuuliza. "Ufunguo ulinirudishia."

Shemeji akashika mfuko wa suruali. Bosi ndiye aliyemwambia, "Mpe mama ufunguo wake." Ukatoka mfukoni ufunguo wa kuchongesha, umenata vumbi la njugu na kijiti cha meno. Mama Viti hakuupokea. Alimsogezea kopo la petroli autumbukize mwenyewe.

Bosi aliomba radhi mara mbili, akapanda gari lake, akaondoka peke yake. Shemeji alibaki kidogo, akingoja aambiwe neno. Mama Viti akarudi kwenye brashi yake. Akatoka getini kwa miguu.

Mchana ule Mawimbi alilisha uzi mpya ndani ya tundu, meno yakitazama gia, akamwambia Mama Viti azime redio. Mota ikaumeza uzi wote. "Washa," akasema. Antena ikachomoza, ikanguruma, ikasimama wima, na sauti ya mtangazaji ikatoka safi. Mawimbi akacheka kwa furaha. Mama Viti aliitikia kwa kichwa tu. Alikula amesimama nje, milango yote minne wazi, kwa sababu harufu ilikuwa haijaisha.

"Utamsamehe?" Mawimbi akauliza.

"Kwanza nifue mazulia."

Aliyafua, akayaanika, akayafua tena. Walipokuja kukutana kwa mama mkwe, shemeji alimwamkia kwa unyenyekevu na kumnyooshea mkono mbele ya watu wote. Mama Viti hakutaka kumwaibisha mama mkwe nyumbani kwake. Alimpa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu aliyetoka kukanda unga, ingawa mikono yake ilikuwa mikavu na safi.