Sahani Isiyo na Chumvi

Daktari amenikataza chumvi. Presha yangu, anasema, si ya kuchezea. Tangu siku hiyo binti yangu, ambaye daktari akisema moja yeye hufanya mbili, ananipikia chakula cha aina moja tu: samaki wa kuchemsha, mchicha tuuitao lengalenga, kipande cha kikanda, na bukari, ugali wetu, kidogo pembeni. Vyote chapwa. Ananiwekea sahani mezani, anafunua kifuniko na kusubiri nilalamike. Silalamiki. Sahani hii naijua tangu nikiwa na miaka saba, rafiki yangu, na leo nitakueleza niliijulia wapi, maana nimeinyamazia muda mrefu mno.

Nilikulia Kamalondo, kwa kambo. Ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu Lubumbashi, ingawa enzi hizo mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba alikuwa mgodini Kolwezi, akija mara mbili kwa mwaka na mkate na sabuni. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na kambo, katika nyumba ya vyumba viwili yenye pazia badala ya mlango wa ndani, na mbabula, jiko letu la makaa, iliyokaa uani mvua isiponyesha.

Kambo alizaliwa Kasenga, kando ya Luapula, na kwa samaki hakuwa na mzaha. Siku lori la Kasenga lilipoingia sokoni, alikuwa wa kwanza kufika. Alimfunua makobo, samaki wa Luapula, mashavu, akamnusa, akambonyeza kwa kidole, na muuzaji akiapa kuwa samaki ni wa leo alimjibu kuwa yeye kambo hakuzaliwa jana. Nyumbani hakumkaanga. Mafuta, alisema, ni ya watu wanaotaka kuficha samaki mbaya. Alimchemsha na nyanya na vitunguu, sufuria imefunikwa, mpaka harufu ikavuka ua na majirani wakaanza kukohoa kwa makusudi.

Na kikanda. Sijui kama umewahi kukila. Mwanamke mmoja kutoka Kasomeno alituletea ile mizizi midogo inayochimbwa mabondeni, imekaushwa na kusagwa. Kambo alichanganya ule unga na karanga zilizotwangwa, pilipili, na maji ya majivu, akakoroga juu ya moto mpaka mkono ukamuuma. Kilipoanza kuganda alifunika sufuria na kupanga makaa juu ya kifuniko, ili kiive juu na chini. Kilitoka kimesimama, kahawia nje, laini ndani, na ukikikata kwa kisu kilitikisika kidogo. Watu wasiokijua walidhani ni nyama. Sisi siku za kikanda hatukuikumbuka nyama kabisa.

Kazi yangu ilikuwa chumvi. Kwa wanawake wa ua wetu ilikuwa desturi: siku fulani za mwezi mwanamke hagusi chumvi ya chungu, basi huitwa mtoto ambaye bado hajakua, yeye ndiye atie. Kambo umri wake ulikuwa umeshapita mambo hayo, lakini aliendelea kuniita, nadhani kwa sababu aliona nilivyopenda. Nilikuwa na kopo langu la maziwa ya unga, nimelifunga kwa kitambaa, na nilipita na kopo hilo kutoka jiko moja hadi jingine kama daktari na mkoba wake. Sikukosea hata siku moja. Chumvi sisi twaiita munyu, na wanawake wakanipa jina la Mama Munyu. Usicheke. Hakuna jina nililopewa baadaye, hata la mke wa mtu, lililonipa raha kama hilo.

Wa kwanza kuniita hivyo alikuwa jirani yetu, mama mmoja kutoka Kasai. Mume wake alikuwa karani, na nyumba yao ilikuwa na redio na vitabu na mapazia ya kupiga pasi. Alipohamia hapo aliletewa kikanda, akakitazama kutoka pande zote, akauliza ni nyama ya mnyama gani asiye na mifupa. Kambo alicheka mpaka akakaa chini. Miaka miwili baadaye yule mama alikuwa akikipika vizuri kumshinda kambo mwenyewe, na kambo alikiri hilo kwa shida sana, tena tukiwa wawili tu.

Jambo moja zaidi ulielewe kabla sijaendelea. Kambo alikuwa na desturi ya sahani ya mgeni. Kila alipopakua, alipakua sahani moja zaidi, ya bati, akaifunika na kuiweka kwenye kigoda karibu na pazia. Ilikuwa ya yeyote atakayebisha hodi. Mtaa mzima uliijua. Fundi wa nguo wa pale kona, kijana asiye na mke, aliijua kuliko wote, na siku kazi ilipokuwa haba alipita kutusalimia saa ya kula.

Kisha Katanga, mkoa wetu, ikajitenga na Kongo. Mtoto wa miaka saba haelewi kujitenga ni nini. Nilichokielewa ni kwamba lori la Kasenga lilianza kukosa siku zake, kwamba wakubwa walinyamaza tulipoingia, na kwamba siku moja watu wa Kasai wakawa hawatakiwi. Vijana walipita na minyororo ya baiskeli mikononi wakiuliza nyumba hii ya nani, na ile ya nani. Wakasai wengi walikimbilia kambi iliyokuwa nje ya mji, chini ya askari wa kigeni. Yule karani aliondoka alfajiri na watoto wake wawili. Mke wake hakuweza. Alikuwa na mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba hata viatu vya mume wake havikumwingia. Muuguzi wa dispensari alikuwa amemwambia alale, asile chumvi hata chembe, la sivyo atampoteza mtoto na pengine nafsi yake. Kambo alimvusha ua akamlaza kwenye kitanda chetu, nyuma ya pazia.

"Utazalia hapa," alimwambia. "Kisha tutaona."

Basi kambo akaanza kupika vyungu viwili, kimoja cha kwetu, na kingine kidogo, cha samaki na kikanda na lengalenga bila chumvi. Nami nikapewa amri mpya: cha kwetu nitie, kidogo nisiguse. Na kwa kuwa sahani nyingine zaidi katika nyumba ya watu wawili ingeweza kuzua maneno, aliiweka ya yule mama palepale kwenye kigoda, chini ya kifuniko kilekile, mahali pa sahani ya mgeni. Kila aliyechungulia aliona ni desturi yake ya siku zote. Ilikuwa akili kubwa. Ilitusaidia siku tisa.

Siku ya kumi, mchana, waliingia vijana watatu. Mmoja wao alikuwa fundi wa nguo. Walisalimia vizuri. Waliketi. Tulikuwa tumeshaanza kula.

"Kambo," fundi alisema, "tumetembea tangu asubui. Sahani ya mugeni iko?"

Kambo hakuwahi kumnyima mtu ile sahani. Angeinyima siku hiyo, wangejiuliza kwa nini. Aliiinua mwenyewe na kumpa. Wale wengine wawili walimega kutoka kwetu. Fundi alimega kikanda, akatafuna, akasimamisha taya.

"Hii haina munyu."

"Mutoto alisahabu," alisema kambo. "Ule tu, baba."

Fundi akacheka. Si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa utani. Akanigeukia na kuniambia, "Mama Munyu, na weye unasahabuka sasa? Basi tutatafuta mwingine wa kazi yako."

Wote wakacheka, hata kambo. Yangekuwa yameishia hapo. Wangekula, wangenawa, wangeondoka. Mpaka leo nawaona wakinawa na kuondoka, naona kambo akifunga mlango nyuma yao, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini nilikuwa na miaka saba, na kitu pekee nilichokuwa nacho duniani kilikuwa lile kopo, na mtu alikuwa amesema mbele ya wageni kwamba nimekosea.

"Sikusahabu," nilisema. "Ile ya mama tunaipikaka bila munyu."

Fundi alishusha tonge lake kwenye sahani, polepole, akapangusa vidole.

"Mama gani?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Hakuuliza mara ya pili. Alinyoosha mkono akavuta pazia.

Yule mama alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kitenge cha kambo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Aliwasalimia. Aliinuka kwa kushika ukuta. Kambo alipiga magoti, mwanamke wa umri ule, mbele ya fundi, kijana aliyekuwa akimlisha siku zote, akasema, "Acheni akule kwanza. Ni hivyo tu. Hajakula tangu jana." Mmoja wa wale wengine alijibu kwamba atakula kule kambini. Fundi alikuwa akitazama ile sahani aliyoimega.

Alipopita karibu nami, yule mama aliniwekea mkono kichwani. Ungekuwa kofi, ningekuwa mtu mwingine leo. Alisema tu, "Ubaki muzuri, Mama Munyu." Kisha akatoka, pekupeku, na miguu ile, kwenye jua la saa saba, na wao watatu nyuma yake. Nyumba yake waliimaliza jioni hiyohiyo. Redio niliiona ikipita begani mwa mtu.

Kesho yake kambo alipika chungu kidogo, akafunga chakula kwenye majani ya mgomba, akaenda kambini kwa miguu. Watu walikuwa maelfu, chini ya matambara na maboksi. Hakumpata. Alikwenda tena siku ya tatu, na tena wiki iliyofuata, na kila mara alirudi na majani yake yakiwa yamefungwa vilevile. Aliwauliza waliompita njiani. Mmoja alisema amemwona, mwingine alisema siye. Mwishowe watu wa kambi walipakiwa kwenye treni, wakarudishwa Kasai ambako wengi hawakuwahi hata kuishi. Kama alifika kambini sijui. Kama mtoto alizaliwa sijui. Angekuwa mtu mzima mwenye wajukuu sasa. Nimewauliza watu wa Kasai niliokutana nao maisha yangu yote, na nimeacha kuuliza, kwa sababu jina lake la kuzaliwa sikulijua. Kwangu alikuwa mama tu.

Fundi alibaki kwenye kona yake. Katanga ilirudi ilikotoka, vita vikapita, na yeye akaendelea kushona. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona yeye. Hakukuwa na mwingine mtaani. Alinipima mabega akiwa na pini mdomoni, na wala yeye wala mimi hatukutazamana. Kwetu hakuja tena saa ya kula. Hakuna aliyekuja, kwa kweli. Kambo hakupakua tena sahani ya mgeni.

Hakunilaumu. Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo panaponiuma. Hakunipiga, hakunifokea, hakulitaja jambo lile hadi alipokufa. Ila ile kesho yake, alipoweka chungu cha kwetu motoni, nilikuja na kopo langu kama kawaida nikasimama karibu naye. Alikuwa akikoroga. Hakunitazama.

"Acha," alisema. "Nilishaweka."

Na siku iliyofuata vilevile. Na wanawake wa ua nao, sijui nani aliwaambia, hawakuniita tena. Nilisimama na kopo langu majuma kadhaa, kisha nikalimwaga nyuma ya nyumba.

Hakuna kilichobaki. Nyumba ya karani ni duka la simu. Makobo wakubwa wa Luapula sijawaona miaka mingi. Samaki tunaokula wanatoka mbali, wamekakamaa kwa barafu, hujui mashavu wala macho. Mabonde ya mizizi ya kikanda yamechimbwa mpaka yakabaki matupu, na hicho kinachouzwa sokoni karibu chote ni karanga. Wanawake hawaiti mtoto wa chumvi. Wakiitwa leo, watoto wenyewe wangecheka. Ningependa kukuambia kwamba nimejisamehe, kwamba mtoto ni mtoto. Watu wananiambia hivyo. Wao hawakumwona yule mama akitoka.

Leo mchana binti yangu alinionea huruma. Alikuja na kijiko na chumvi kidogo, chembe tu, akasema siku moja haiui mtu, nionje. Nilifunika sahani kwa mkono. Akashangaa, akasema, "Mama, kumbe umeshazoea."

Nikamwambia ndiyo, nimezoea. Kisha nikala chakula cha yule mama chote, samaki, kikanda na lengalenga, mpaka sahani ikabaki tupu.