Nilichimba mfereji wangu wa kwanza Bwera, nusura niangushe nyumba ya jirani

Habari zenu wakuu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, hasa nyuzi za wale wanaojijengea na kujirekebishia nyumba bila fundi. Leo na mimi nina la kwangu. Haya nimeyaona kwa macho na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Mimi ni mzaliwa wa Rukoki, karibu na mji wa Kasese, Uganda. Kwetu ni tambarare, na kila mtu anaujua mto unapofurika. Nimekua nikifundishwa jambo moja kuhusu maji ya mvua: yafukuze mlangoni kwako upesi, kwa njia iliyonyooka.

Shikeni hapo, maana ndipo makosa yalipoanzia.

Nilipata kazi kwenye stoo ya kahawa Bwera, huku milimani, nikahamia na mke wangu Biira na binti yetu Masika kwenye nyumba aliyotuachia shangazi yake Biira. Nyumba ya matofali, bati zuri, imekaa kwenye mteremko. Chini yetu anaishi Mama Baluku, mjane, katika nyumba ya miti na udongo. Anamuuguza mama yake, bibi mzee sana asiyeweza tena kutembea. Siku tuliyofika alituletea bundu ya moto, ule ugali wa muhogo wa huku, na samaki. Tulikula tumekaa juu ya magunia ya nguo.

Wiki za mwanzo nilijisikia fundi kweli. Nilibadilisha bawaba za mlango, nikapaka rangi sebuleni, nikatengeneza rafu ya vyombo. (Rafu ilianguka. Ukuta wa nyumba ya zamani haushiki msumari mfupi, msijaribu.)

Kisha nikaona kwamba kila mvua ikinyesha, maji yanatuama nyuma ya jiko letu. Nikachukua sururu na sepetu. Nilichimba mfereji kutoka nyuma ya nyumba, ukashuka moja kwa moja mpaka kwenye ua wa miti unaotutenga na Mama Baluku. Nikapanga mawe pembeni, nikausafisha, nikaupiga picha.

Biira alitoka na beseni la nguo, akasimama kuutazama.

"Baba Masika, hayo maji yanaenda wapi?"

"Chini."

"Na chini kuna nani?"

Nikamwambia ardhi itayanywa. Kwetu ardhi huyanywa. Akaenda kuanika nguo zake.

Mvua kubwa ilikuja mchana wa Jumamosi. Nilivuta kiti dirishani nitazame kazi yangu. Wakuu, maji yalikimbia kama yameitwa. Nyuma ya jiko pakabaki pakavu. Nikamwita Biira aje aone.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Baluku kutoka ng'ambo ya ua. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaita tu, kama mtu anayemwita mgeni mezani.

"Baba Masika! Maji yako imefika. Kuja uichukue."

Nilishuka nikikimbia, nikateleza, nikamaliza safari kwa makalio.

Nilichokiona sitakisahau. Maji yalikuwa yamepenya chini ya ua na yanagonga ukuta wake wa nyuma. Udongo ulikuwa unadondoka vipande vipande, miti ya ndani imeanza kuonekana. Na nyuma ya ukuta huo ndipo kilipo kitanda cha bibi.

"Mama yuko ndani," Mama Baluku akasema. "Shika ile upande."

Tuliingia. Tulishika godoro kila mtu upande wake, na bibi juu yake. Biira alikuwa ameshafika, akashika miguuni. Bibi akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Munanipeleka wapi? Mimi sijakufa."

"Tunakupeleka jikoni, mama," Mama Baluku akamjibu.

"Jikoni kuna chakula?"

"Kuna."

"Basi mutembee."

Tulimlaza jikoni, mbali na ukuta ule. Nilipanda tena juu, nikajaza udongo kwenye magunia ya kahawa matupu na kuziba mdomo wa mfereji wangu. Maji yakarudi kutuama nyuma ya jiko langu kama zamani, na yakaingia ndani. Sijawahi kufurahi hivyo kuona jiko langu limelowa.

Ukuta ulisimama. Uliinama kidogo, ukasimama. Jioni tuliuegemeza kwa magogo, na nikakaa hapo mpaka mvua ikaisha, nikiutazama kama askari.

Kesho yake, baada ya ibada, nilishuka kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Mama Baluku alikuwa na jirani mwingine wa chini zaidi, mzee Thembo, na walikuwa wananisubiri.

"Mutu ya bonde," mzee Thembo akanisalimia. "Huko kwenu maji haina jirani?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka.

Hapa ndipo nilipojifunza desturi ya mteremko huu. Huchimbi mfereji peke yako. Unaanza kwa kile wanachokiita kutembea na maji. Wenye viwanja wanapanda mpaka juu, halafu wanashuka pamoja, na kila mmoja akifika mpakani kwake anasema: mimi nitayapokea hapa, nitayatolea pale. Asiyekubali anasema papo hapo, na njia inageuzwa.

Tulitembea. Mfereji mpya ukapita kwa kukingama mteremko, polepole, ukizunguka kiwanja cha Mama Baluku na kuingia kwenye korongo ambalo wote hulitumia. Kuchimba nilichimba mimi. Mzee Thembo alikuja na kiti chake kunitazama.

"Chimba, baba. Si sururu yako ina nguvu?"

Baada ya hapo tulikanyaga udongo, tukauchanganya na nyasi, tukaukandika upya ule ukuta wa nyuma. Biira ni hodari kuliko mimi, nakiri.

Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile. Sikukaa dirishani. Nilikimbia chini na koti kichwani, nikamkuta Mama Baluku ameweka kiganja kwenye ukuta, kwa ndani.

"Iko kavu," akasema.

Bibi alikuwa amelala kitandani pake, anakoroma. Mvua haikumwamsha. Mimi nilibaki mlangoni nikitiririka maji.

"Ingia basi," Mama Baluku akaniambia. "Ama unataka kuota majani?"

Niliingia, nikapewa chai.

Funzo langu, wakuu: ukihamia kwenye mteremko, kabla hujashika sururu shuka kwanza kwa jirani wa chini. Kaa kwake, tazama juu kuelekea kwako. Utaona nyumba yako vizuri zaidi kuliko ukiwa ndani yake.

Kwa wenye uzoefu wa milimani, kwenu mnakubaliana vipi kuhusu njia ya maji? Na yule anayejua namna ya kufunga rafu kwenye ukuta wa zamani, tafadhali aseme.

Ninavyoandika hivi mvua imeanza tena huku. Sijainuka kitini.