Kila Nilichoulizwa Kilikuwa Kizuri

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu asubuhi nikiwa darasani, chaki mkononi. Hana kawaida ya kunipigia saa za skuli, kwa hivyo nilitoka nje kabla sijapokea.

"Dada, mama kaamka mdomo umekwenda upande. Nikimsemesha hajibu. Mkono wa kulia hauinui."

Mama yetu alikuwa akiishi Kojani, nyumbani kwa mdogo wangu huyo, ambaye ni mvuvi. Mimi niliolewa Wawi, na huko ndiko ninakosomesha mpaka leo. Kojani ni kisiwa kidogo, hutoki wala huingii ila kwa chombo. Nilimwambia amvushe sasa hivi, nami nitawangoja ng'ambo na gari. Maji yalikuwa yamekupwa. Ikabidi wamkalishe kwenye kiti cha plastiki, watu wanne wakambeba kwenye matope mpaka kilipo chombo. Walipofika upande wetu wakamteremsha, kanga imemporomoka mabegani na yeye hana habari nayo. Mama yangu, hata akishikwa na homa, hakuwahi kukaa kichwa wazi mbele ya wanaume. Nikajua jambo ni kubwa.

Nitasema kweli yote, nisije nikamdhulumu mtu. Barabara ilikuwa lami tupu. Nilipokuwa mwanafunzi, njia ile ile tulikuwa tukiipita tumeshikilia vyuma vya gari mpaka viganja vikichubuka. Siku ile mama alilala mapajani mwangu hakutikisika. Tulikwenda spitali mpya, ya ghorofa, sakafu unajiona uso. Walitoka mbio na kitanda cha magurudumu, wakamwita "bibi yetu", na hakuna aliyetuomba hata shilingi. Niliishukuru serikali siku ile, moyoni, kwa dhati.

Daktari alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpima mama kisha akaniita pembeni.

"Mwalimu, hiki ni kiharusi. Sasa, kipo cha mshipa ulioziba na kipo cha mshipa uliopasuka, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwengine. Lazima apigwe picha ya kichwa kwanza."

"Mashine mnayo?"

"Tunayo. Imo chumba kile." Akanionesha kwa kidole. "Ila anayeiendesha ni mmoja tu, na yuko masomoni. Tumeandika barua tuletewe mwengine."

"Mmeandika tangu lini?"

Akalifunga faili la mama. Akasema, "Mpelekeni Unguja. Na sikufichi, saa hizi za mwanzo ndizo zenye faida."

Nikapiga simu Mkoani, bandarini. Boti ya siku ile ilikuwa imeshaondoka, na ya pili ni keshokutwa. Nikauliza habari za ndege. Nikaambiwa ile ndogo haichukui mgonjwa wa kulala. Basi nikakaa kwenye benchi nje ya kile chumba. Mlango ulikuwa na kioo. Mashine niliiona, nyeupe, kubwa, taa yake ya kijani inawaka. Sikuwa na mtu wa kugombana naye. Daktari alikuwa keshafanya lake, wauguzi walimgeuza mama kila baada ya muda, na aliyekwenda masomoni amekwenda kusoma, tena kwa faida yetu. Nilisoma nyiradi zote nizijuazo mpaka ulimi ukakauka.

Keshokutwa yake tulisafiri. Daktari wa Unguja aliitazama picha aliyopigwa mama huko, akaniuliza, "Mshipa umeziba. Siku mbili hizi mlikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Tulikuwa spitali."

Miezi miwili baadaye, mama amesharudi Kojani, haneni wala hainuki, sheha wa mtaa wetu alinibishia hodi. Amefuatana na mwanamke wa makamo, kishkwambi mkononi; alipotoa salamu tu nikajua ni mtu wa Unguja. Sheha akasema mgeni huyu anakusanya maoni ya wananchi juu ya utendaji wa serikali, na mimi nimechaguliwa kwa sababu ni mtu wa kusoma. Nikafurahi. Nilisema, leo nitasema.

"Barabara za eneo lako, Mwalimu. Umeridhika sana, umeridhika, wastani, au hukuridhika?"

"Nimeridhika sana."

"Umeme?"

"Nimeridhika."

"Majengo ya afya?"

"Nimeridhika sana."

"Lugha ya wahudumu?"

"Nzuri. Nimeridhika sana."

"Ulitozwa fedha?"

"Hapana."

"Spitali ya karibu ina vifaa vya uchunguzi?"

Nikaikumbuka ile taa ya kijani. Yeye akanisubiri, kidole juu ya kioo.

"Vipo," nikasema. "Lakini—"

"Hapa ni ndiyo au hapana, dada yangu."

"Basi ndiyo. Niulize kama yuko wa kuviendesha."

Akateremsha maswali kwenye kioo, akayapandisha. "Suala hilo sinalo."

Nikamhadithia habari ya mama, tangu kiti cha plastiki mpaka Unguja. Alisikiliza, na namshukuru kwa hilo, maana alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Akasema mwisho pana nafasi ya maoni, mstari mmoja. Niliuandika mara tatu, kila mara kishkwambi kinaukataa kwa urefu. Sheha akajikohoza.

"Mwalimu, usije ukachukuliwa vyengine. Unajua watu wetu."

Nilimfahamu. Hapa kwetu ukisema bomba halitoi maji, watu huuliza kwanza wewe wa chama gani, habari ya maji baadaye. Sikuwa nikisema habari ya chama. Niliandika: "Aletwe mtu wa mashine." Ukaingia. Yule mwanamke akabonyeza, akaniambia natija imetoka: kwa jumla, nimeridhika.

"Lakini sikuridhika," nikasema.

"Najua, dada yangu. Ila ndivyo ulivyojibu."

Na kweli ndivyo nilivyojibu. Niliyapitia majibu yote kichwani, moja moja, sikuona la uongo. Niliwapa maji ya kunywa, wakenda nyumba ya pili.

Ijumaa ile nilivuka kwenda Kojani. Mama alikuwa ameegemezwa mito, na mkono wake mzima, wa kushoto, ukawa unaniita. Nikasogea. Akaonesha upande wa dirishani. Nikalifungua dirisha, akatikisa kichwa. Nikalifunga, akatikisa kichwa. Nikampa maji, nikampa tasbihi, nikamwitia wajukuu. Akakataa, mkono ule ule dirishani, na sasa machozi yanamtoka.

"Kila siku ndivyo," mdogo wangu akasema. "Hatujui atakacho."

Nilikaa naye mpaka alasiri, nikitaja kila kitu cha nyumba ile nilichoweza kukikumbuka, kimoja baada ya kimoja, nikimtazama usoni, na kila nilichokitaja sicho. Mwishowe alichoka, akafumba macho.